Papa Aliyetupitisha Kati ya Mizabibu

Watu wa kundi letu la baiskeli, la parokia, wanasema mimi ndiye niliyemvunja Papa. Wanasema hivyo kanisani, wanasema saluni kule Ixelles, wanasema hata mbele ya mtoto wangu. Basi na mimi nitasema, na sitanong'ona.

Ni mzee wa kwetu Lubumbashi. Hapa Bruxelles tulimwita Papa ya Kinga, kwa sababu kinga kwetu ni baiskeli, na yeye bila baiskeli hakuna aliyewahi kumwona. Jina lake la kwenye kitambulisho nalijua, sitaliandika. Ukimwita kwa jina hilo alikuwa anageuka nyuma, kama vile kuna mtu mwingine amesimama pale.

Mumwone kwanza. Mrefu, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, suruali ya kitambaa iliyobanwa miguuni kwa vibanio vya kuanikia nguo, viatu vyeusi vinavyong'aa. Baiskeli yake ilikuwa ya matairi manene, ya njia za kokoto. Wazungu waliokuwa wanatupita kule Champagne, Ufaransa, wamevaa zile nguo za kubana, walikuwa wanageuza shingo kumtazama mpaka karibu waanguke. Siku moja Maman Présidente, yule mama mkubwa anayeongoza akina mama wa parokia, akamwambia:

"Papa, tukununulie na weye ile culotte ya sport?"

"Maman, niko na bajukuu. Muntu iko na bajukuu hawezi kutembea na chupi mbele ya Mungu."

"Mais Papa, bazungu bote banavala."

"Bazungu, Mungu yabo amezoea."

Tulicheka mpaka mmoja wetu akakaa chini njiani. Yeye hakucheka. Alikuwa anasema maneno ya kuchekesha na uso wa mtu anayesoma tangazo la msiba.

Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kwenye kiwanda cha magari, hapa hapa Bruxelles, mtaa wa Forest. Alikuwa anafunga milango. Gari inakuja, anaweka mlango, gari inakwenda, nyingine inakuja. Maisha mazima. Na mtu huyo huyo hakuwa na leseni, hakutaka leseni, na hakukubali kuendesha baiskeli kwenye barabara yoyote yenye gari, hata zile za mtaa wangu wa Evere ambapo mchana unaweza kulala katikati ya njia. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Gari najua mulango yake tu. Kichwa yake sijui iko nawaza nini." Mwaka ule kiwanda kilipofungwa, yeye ameshastaafu zamani, watu walikwenda kwake kumpa pole. Walimkuta anapaka mnyororo mafuta. Akawaambia, "Bon. Mi nilisema yeye njo atanizika, kumbe ni miye nimemuzika."

Sababu ya kuogopa gari alinieleza mara moja tu, na hakurudia. Ujana wake alikuwa anasukuma makala. Wale vijana wanaopakia magunia ya makaa juu ya baiskeli mpaka baiskeli haionekani, wanaisukuma kutoka porini mpaka mjini, njia ile ile ya malori ya madini. Rafiki yake alikuwa anasukuma mbele yake. "Nilikuwa naona mugongo yake," alisema. "Kisha mbele hakukuwa muntu." Akachukua pampu, akaanza kujaza tairi ambalo halikuhitaji upepo.

Ndiyo maana alikwenda kutafuta njia za kwake. Miaka mingi, peke yake, treni na baiskeli, mpaka akazipata: zile njia nyeupe za changarawe kati ya mizabibu ya Champagne, ambazo anapita mkulima na trekta lake, na sungura, hakuna zaidi. Akaziunganisha kichwani mwake moja baada ya nyingine. Unaweza kuzunguka asubuhi mpaka alasiri, vilima na mabonde, na gari ukaliona mbali tu, dogo kama mdudu. Pale ambapo hakukuwa na namna, njia ikikata lami, wote tulishuka, tukasimama, na hakuna aliyevuka mpaka Papa ainue mkono. Akina mama wazima, tumejipanga kama watoto wa shule ya chekechea. Na simu alikataza. "Simu inajua njia ya magari. Njia yangu haijui." Kweli, hata ukifungua ramani, nusu ya vile vinjia havikuwamo.

Tulikwenda Jumamosi moja ya kila mwezi, kuanzia Pasaka mpaka mavuno ya zabibu. Basi dogo la parokia, baiskeli nyuma kwenye trela, chikwangue, ule mkate wetu wa muhogo, na mayai ya kuchemsha ndani ya ndoo. Yeye mwenyewe alikaa kiti cha nyuma kabisa, amefumba macho kutoka Bruxelles mpaka Ufaransa, kwa sababu lile nalo ni gari.

Pombe hakuonja maisha yake yote. Ni mtu wa kanisa hasa. Lakini mizabibu aliipenda mpaka ikawa aibu. Alikuwa anashuka, anainua jani kwa kidole kimoja kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala, anatazama vizabibu chini yake, anarudisha jani, anapanda tena. Wakulima walimzoea. Kulikuwa na mmoja, mzee wa Kifaransa mwenye masharubu, kila tukipita lazima amletee glasi ya divai. Papa alikuwa anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anainamisha kichwa. Mzungu akigeuka tu, Papa anamwagia mzabibu pale kwenye shina.

"Papa!" nilimwambia siku ya kwanza. "Mutu amekupa kitu ya bei vile!"

"Namurudishia mama yake," akasema.

Mimi nilifika kwenye kundi hilo kwa nguvu. Nilikuwa na mtoto wa kike wa miezi michache, baba yake amekwenda kununua mkate mpaka leo, niko ghorofa ya nne Evere, nalia kwenye kabati ili mtoto asisikie. Maman Présidente alikuja na kunivuta kwa mkono kama mwizi. Sikujua baiskeli. Kwetu baiskeli ilikuwa ya kaka zangu. Mimi nikiigusa tu, mama alikuwa anapiga kelele kwamba nitaharibika tumbo.

Papa alinifundisha kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka moja, Jumapili, wakati duka limefungwa. Kwanza alizunguka uwanja mzima kuhakikisha hakuna hata gari moja. Kisha akafungua pedali zote mbili, akaziweka mfukoni, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zikakanyaga chini. "Tembea." Nikatembea na baiskeli katikati ya miguu kama bata. Jumapili nzima. Na Jumapili iliyofuata.

"Papa, lini utarudisha pedali?"

"Siku utasahau kuniuliza."

Nikakasirika, nikamwambia nina diploma ya sekondari, mimi si mtoto. Akasema diploma haina breki. Bon. Siku moja nilikuwa natazama ndege zinashuka kwenye kiwanja cha Zaventem, miguu iko juu, baiskeli inakwenda yenyewe, na sikuwa nimeuliza. Akatoa pedali mfukoni.

Kusifu hakujua. Nilipopanda kilima kizima cha kokoto mara ya kwanza, na mtoto kwenye kiti cha nyuma yangu, nikafika juu nalia kwa furaha, alinitazama akasema tairi la mbele lina upepo mwingi. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akatoa upepo. "Changarawe inataka kucheza chini yako. Acha icheze. Ukikaza mikono, itakuangusha. Shika usukani sawa vile unashika mukono ya mutoto iko nalala." Nimeshika vitu vingi hivyo tangu siku ile, si usukani tu. Sijawahi kumwambia.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Kwetu mtu mkubwa hapotei njia. Anachoka. Ukiona papa amekosea, wewe kijana humwambii mbele za watu. Unamnong'oneza mama mkubwa, mama mkubwa anatafuta namna ya kuzunguka, papa anagundua mwenyewe, na hakuna aliyeona chochote. Ni adabu. Na mimi nimelelewa nayo, msifikiri sijui.

Mwaka ule wa mwisho tulianza kusali sana. Zamani tulisali tukiondoka na tukifika. Lakini kuanzia Pasaka, kila mara katikati ya safari, kwenye njia panda, Maman Présidente alikuwa anapaza sauti: "Papa, tumechoka, tusimame tusali kidogo." Tunashuka, tunafumba macho, tunaimba ubeti mmoja au miwili. Papa naye anafumba macho. Akifumbua, anatazama kulia, anatazama kushoto, polepole, kisha anasema "Bon," na tunakwenda. Nilidhani ni Roho Mtakatifu amelishukia kundi. Mpaka mwezi wa nane nilipofumbua macho katikati ya wimbo, kwa sababu ya mtoto, nikaona akina mama wengine wote nao wamefumbua. Wote wanamtazama Papa. Wanasubiri kama njia itamrudia.

Nilimkamata Maman Présidente pembeni.

"Maman, Papa anasahau."

"Papa anachoka."

"Anasahau, Maman. Batoto yake banajua? Alishaenda kwa docteur?"

"Weye, unataka aibu imuue mbele ya saa yake? Tunamufunika. Mapendo ni kufunika."

"Siku moja mutamufunika na mchanga."

Akaniambia kinywa changu ndicho kilichomkimbiza baba wa mtoto. Sawa. Mwezi wa tisa tukaenda tena, wakati wa mavuno.

Siku ile mizabibu ilikuwa imejaa watu wenye ndoo na makasi, na chini bondeni, kwenye barabara ya lami, malori ya zabibu yalikuwa yanapita mfululizo. Tulifika kwenye njia panda iliyo juu ya kilima. Upande wa kulia njia yetu inaendelea katikati ya mizabibu. Upande wa kushoto inateremka moja kwa moja mpaka kwenye lami. Papa akakata kushoto. Maman Présidente akaanza: "Papa, tumechoka, tusimame..." Hakusimama. Upepo ulikuwa mwingi, labda hakusikia. Akarudia. Papa anateremka. Akina mama wanatazamana. Wanamfuata! Watu wazima, wanaona malori kwa macho yao, wanamfuata!

Nikapiga kelele. "Papa! Umepotea! Njia ni kuume!"

"Nyamaza," mmoja wao akaniambia. "Unamusemesha Papa vile mbele ya bantu?"

Nikapiga tena. "Papa, umepotea!"

Safari hii alisikia. Niliona shingo yake ilivyokakamaa. Hakugeuka. Akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi, mzee yule na shati lake jeupe, akateremka mbio kama kijana, akaingia kwenye lami bila kushuka, bila kuinua mkono. Lori likafunga breki. Halikumgusa. Lakini alivuta breki ya mbele juu ya kokoto za ukingo wa barabara, kitu ambacho alitukataza sisi kila siku, akarushwa, akaangukia nyonga.

Alipolala pale hakulia. Alikuwa anatazama tairi la lori lililosimama karibu na kichwa chake, na kuuliza, "Tuko wapi? Tuko wapi hapa?" Akina mama walimzunguka. Wakaanza kusali.

Nyonga walimpasua, wakamrekebisha. Kichwa, madaktari walipokiangalia, wakasema ugonjwa umeshakwenda mbali. Binti yake mkubwa, ambaye hakuwa amejua lolote, akaniambia kwa simu nisikanyage kwa baba yake. Akina mama walishamweleza: ni yule msichana wa Evere, alimwaibisha Papa mbele ya watu, Papa akakimbia kwa sababu ya aibu. Majira ya baridi yote sikumwona. Baiskeli yangu ilikaa kwenye roshani inapata kutu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: aniambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kama ni kweli nilimvunja. Na nilijua kila wiki inayopita inamtoa kidogo. Labda nitafika pale na mtu wa kuniambia hayupo tena.

Kisha mwezi wa tatu binti yake akapiga simu. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayemeza jiwe.

"Papa anakuomba. Kila siku anasema, nileteeni ule iko na kinywa mubaya."

"Nakuja, Yaya." Kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa.

"Usimuchokeshe."

Nilimkuta kwenye nyumba ya wazee, tramu vituo vichache tu kutoka kwangu. Wamemvika suruali ya michezo, ya mpira kiunoni. Hicho ndicho kilichonivunja kabla hajafungua mdomo. Nilimweka mtoto chini, nikakaa mbele yake.

"Ni weye njo ulilalamika kule juu? Ulisema nimepotea?"

"Ni miye, Papa."

"Nilisikia muzuri. Nilikasirika. Nikakimbia." Akatazama mikono yake. "Ni miye nilikimbia, sio weye ulinisukuma. Unasikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimebeba neno lile tangu mavuno, na lilipotoka nilishindwa hata kushukuru. Lakini hakuwa ameniita kwa hilo.

"Bantu bote bananiambia minachoka," akasema. "Docteur anasemeshana na batoto, miye ananionyesha meno. Maman Présidente anakuja, fatigue, Papa, fatigue. Minalala muchana na usiku, fatigue gani? Weye uniambie kweli."

Niliangalia mlango. Hakuna aliyekuja kuniokoa.

"Hauchoki, Papa. Unasahau. Ni ugonjwa, na haina dawa ya kuponyesha."

"Ilianza lini?"

"Tuliona tangu Pasaka ya mwaka ule."

"Mulijua bote?"

"Bote."

Halafu nikaona kitu kinapanda usoni mwake, polepole, kama mtu anayehesabu kitu bila vidole.

"Donc... basi ile maombi..."

Nilimvuta mtoto karibu.

"Ile maombi ya kwa njia. Nilikuwa nasema, Mungu, angalia, hii kundi sasa inajua kusali. Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nashukuru Mungu ju yao." Akaziba uso kwa viganja. "Kumbe munaniangalia tu."

Alilia kama watu wazima wa kwetu wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Mtoto wangu alikwenda akamshika goti. Alipomaliza, akanishika mkono kwa nguvu.

"Kesho nitakuwa nimesahau ile umeniambia. Nikikuuliza tena, usinidanganye. Apa kwa mutoto."

Nikaapa. Nani anaapa kitu kama hicho? Mimi.

Kwa hiyo nilikwenda kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza. "Maman, uniambie kweli, minachoka tu?" Na kila Jumapili nilimwambia, na kwake lilikuwa jipya, na kila mara alifika pale pale: donc ile maombi. Kila mara mabega. Muuguzi aliniuliza kwa upole kama ni lazima. Binti yake hakuwa na upole. Maman Présidente nilikutana naye kwenye korido akaniambia, "Unamuua baba ya bantu kila juma. Ni mapendo gani?" Nikamwambia yeye ndiye aliyemwachia mzee dunia nzima ya uongo, na mimi ndiye ninayefagia. Tulisikika mpaka jikoni. Nikashuka kwa ngazi, nikakaa kituo cha tramu, tramu mbili zikapita, na sikujua kama yeye ana haki au mimi. Sijui mpaka sasa. Najua tu kwamba katika watu wote, Papa alichagua mmoja wa kumuuliza.

Jumapili iliyopita nilimkuta karibu na dirisha, wamemnyoa vizuri, ametulia. Akanipokea vizuri, mikono miwili, adabu tupu. Alimsifu mtoto, amekua. Alisema mvua itanyesha. Akasema chumba hiki ni kizuri, gari hazisikiki. Nikamjibu yote, nasubiri. Saa ikaenda. Hakuuliza.

Ningeweza kushukuru na kuondoka. Lakini niliapa, na tena, niseme kweli, sikuweza kuvumilia kwamba haulizi. Nikasogeza kiti.

"Papa, hauna kitu ya kuniuliza?"

Alinitazama. Alifikiri kwa bidii, kabisa, paji la uso limejikunja, kama mgeni ambaye hataki kumvunja moyo mwenye nyumba. Kisha uso ukafunguka, akafurahi kwamba amekipata.

"Ndiyo, maman. Umekula?"

Nikamwambia ndiyo, Papa, nimekula. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi.